Kamera ya getini haishiki chaji, kengele haijai: je, kweli betri zimekufa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nipo Tanga, nyumba yetu iko karibu na bahari. Getini tuna kamera ya betri yenye paneli ndogo ya sola, na mlangoni kengele yenye kamera. Vyote alinitumia kaka yangu kutoka Marekani, vina miezi minane. Kamera ilikuwa haina shida kabisa, lakini tangu mwezi wa tano inashuka kutoka 100 hadi 20 kwa siku nne, na paneli ipo, tumeielekeza kusini kama karatasi ilivyosema. Mbele ya geti kuna kijiwe cha bodaboda. Kengele nayo niliiweka kwenye chaja usiku kucha, asubuhi programu inasoma asilimia 14 ile ile. Fundi wa kwanza kasema betri zote mbili zimekufa. Wa pili kasema tuachane na betri, kengele aiunge kwenye nyaya za kengele ya zamani iliyopo ukutani. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, betri usinunue bado. Na hilo la kuunga kengele kwenye nyaya za ukutani likatae leo hii, ndiyo maana naanza nalo.

Kengele za kamera za Marekani hutengenezwa kwa nyumba za kule, ambazo nyingi zina transfoma ndogo ya kengele inayoshusha umeme hadi volti 16 mpaka 24. Ndiyo sababu nyuma ya kengele yako huenda kuna skrubu mbili za kufungia nyaya. Hapa kwetu, kwenye nyumba nyingi nilizofungua kitufe cha kengele ya zamani, nimekuta nyaya zimebeba umeme wa nyumba wenyewe, volti 230. Ukiunga hapo, kengele itaungua papo hapo, na mgeni atakayebonyeza kitufe kilicholowa mvua anaweza kupigwa shoti ya kumuua. Wala kaka yako asikutumie transfoma ya kule, kwa kuwa ile hupokea volti 120, na ukiichomeka kwenye 230 inaungua. Siku ukitaka kengele ya waya, fundi umeme mwenye ujuzi afunge transfoma ya volti 230 inayotoa volti zilizoandikwa kwenye karatasi ya kengele, tena baada ya kuzima meni swichi na kupima nyaya kwa mita. Hata hapo, kwa kengele nyingi za betri, nyaya hizo hutia chaji kidogo kidogo tu ili betri isishuke upesi. Kengele iliyofika 14 bado itabidi uichaji kwa chaja.

Tuje kwenye betri. Zilizomo humo ni za lithiamu, jamaa moja na za simu. Betri ya namna hiyo kwa kawaida hujazwa na kuisha mara 300 hadi 500 ndipo ipoteze kama sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Wewe una miezi minane. Hata kama ungeichaji kila wiki, hujafika mara 40. Zife mbili kwa mpigo, kwenye vifaa viwili tofauti? Yawezekana kama zimepikwa na joto, au zilikuwa mbovu tangu kiwandani, lakini mimi sisemi betri imekufa kabla sijapima, na fundi aliyekwambia hivyo bila kutoa mita mfukoni amekisia.

Mtu akiniambia "haichaji" huwa namuuliza kwanza: chaji haiingii, au inaingia ila inaliwa haraka kuliko inavyoingia? Hayo ni magonjwa mawili na dawa zake hazifanani. Kwa maelezo yako, kengele ina hilo la kwanza. Kamera ya getini, naona ina yote mawili.

Nianze na kamera, maana umenipa kidokezo kikubwa bila kujua: "tangu mwezi wa tano", na "tumeielekeza kusini". Karatasi ile iliandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Kwa mtu wa Chicago au London jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo ushauri wao ni sahihi kwao. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwenu jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba, linahamia kusini wakati wa kaskazi, linarudi kupita utosini mwanzoni mwa Machi, halafu majira ya kusi yote linakuwa upande wa kaskazini. Kesho saa sita na nusu mchana simama uani uangalie kivuli chako. Mwezi huu wa sita kitaangukia kusini. Maana yake paneli yako inalipa jua kisogo.

Hebu tulipime hilo. Paneli ikifungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45 kuelekea kusini, kama wengi wanavyofunga ukutani, mwezi wa Desemba saa ya jua kali ilikuwa inapata karibu tisa ya kumi ya mwanga ambao ingepata kama ingelitazama jua uso kwa uso. Ndiyo maana miezi ile ulikuwa huna malalamiko. Mwezi wa Juni, saa ile ile, inapata chini ya theluthi moja. Tena kabla ya hapo kulikuwa na mawingu ya masika. Kamera haikuharibika mwezi wa tano, ilianza kufa njaa.

Igeuze. Ilaze paneli karibu iwe bapa, ibaki na mwinamo mdogo wa nyuzi 10 au 15 ili maji ya mvua yateremke na vumbi, na mwinamo huo uelekee kaskazini. Kwa mtu wa Tanga hilo halihitaji dira: kaskazini yenu ni kibla, karibu kabisa. Ikikaa hivyo itapata jua la kusi na la kaskazi bila kuigusa tena. Angalia pia kivuli. Seli ndogo za paneli zimeungwa kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, kwa hiyo ile iliyofunikwa inazibana zote. Tawi la mwarobaini lenye kivuli cha upana wa kiganja, au kinyesi cha kunguru kilichokauka pembeni, huchukua sehemu kubwa ya umeme kuliko eneo lake. Ifute kwa kitambaa kilicholowa, asubuhi kabla haijapata moto.

Kujua kama paneli inaingiza kitu kweli, fanya hivi jua likiwa kali. Fungua programu ya kamera, tafuta alama ya kuchaji au ya jua karibu na asilimia. Mwambie mtu aifunike paneli kwa kanga iliyokunjwa mara nne, subiri dakika mbili tatu, kisha ufungue upya. Alama ikiondoka, na ikirudi kanga ikitolewa, waya ni mzima. Ikiwa hakuna tofauti yoyote, kosa liko kwenye waya au kwenye plagi, na hilo nitalifikia.

Hiyo ndiyo chaji inayoingia. Inayotoka nayo tuipigie hesabu. Kama betri yako imeandikwa 5200 mAh, ndani yake mna takriban wati-saa 19. Kushuka kutoka 100 hadi 20 kwa siku nne ni kupoteza wati-saa 15, yaani karibu 4 kila siku. Kamera hizi zikilala hazili kitu cha maana. Zikiamka, zikarekodi na kutuma picha, hula kama wati moja na nusu, na usiku taa zake za infraredi zikiwaka huenda zikafika mbili. Gawanya mwenyewe: kamera yako iko macho zaidi ya saa mbili kwa siku. Ni nani anayeiamsha?

Kijiwe cha bodaboda. Sensa ya mwendo kwenye kamera za betri haioni sura, huona joto linalosogea. Injini ya pikipiki iliyotoka safari ni jiko linalotembea mbele yake, na sensa hizi hushtuka zaidi kwa kitu kinachokatiza kutoka upande hadi upande, ambavyo ndivyo barabara inavyokatiza mbele ya geti lako. Inamisha kamera itazame chini, ione mtu aliyefika getini na si anayepita ng'ambo. Kwenye setingi, chora eneo la kulinda lisiguse barabara, punguza ukali wa sensa hatua moja moja, na urefu wa video uweke sekunde 10 au 15 badala ya 30 au 60. Kuna setingi ya muda wa kupumzika kati ya tukio na tukio. Mchana iongeze, usiku iache fupi. Usiizime sensa kabisa ili kuokoa chaji, maana utakuwa umeilinda betri ukaliacha geti.

Halafu, kwa upole, muulize kaka yako. Nilishawahi kuhangaika juma zima na kamera ya nyumba moja hapa Pwani, nimebadilisha betri, nimebadilisha waya, inashuka tu. Mwisho nikaangalia kumbukumbu za programu. Mtoto wa nyumba ile yuko Ulaya, na kila akipata nafasi alikuwa anafungua kamera kutazama ua wa kwao, mama akifagia, kuku wakipita. Kila kutazama moja kwa moja ni kamera kuwa macho. Sikuona sababu ya kumkataza, tulimwekea tu kamera nyingine ya kuchomeka kwenye umeme, barazani, atazame anavyotaka. Kama kaka yako naye anaangalia, na pengine na wengine wana akaunti hiyo, itakusaidia kulijua.

La mwisho kwa kamera ni waifai. Ikiwa ruta iko sebuleni na geti liko mbali, kamera hupaza sauti na kurudia rudia kutuma kile ambacho hakikufika, na yote hayo ni chaji. Nyumba za mawe ya matumbawe za mwambao wetu, zenye kuta nene, humeza mawimbi vibaya sana. Programu nyingi huonyesha nguvu ya mtandao kwa namba yenye alama ya kutoa. Kwenye 60 kwenda chini, kama -55, uko salama. Ukiona -70 au zaidi, sogeza ruta karibu na dirisha linalotazama geti, au tafuta kirudishi cha waifai, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena mbele.

Sasa kengele. Asilimia 14 ile ile, usiku kucha. Kwanza hakikisha namba hiyo ni ya leo. Kengele nyingi hazitoi taarifa zikiwa zimelala, na ile ambayo betri yake unaitoa na kuichaji peke yake haiwezi kuiambia programu chochote mpaka uirudishe. Kwa hiyo ulichokisoma asubuhi huenda ni kumbukumbu ya jana. Rudisha betri, bonyeza kitufe cha kengele, subiri dakika moja, ndipo ufungue programu. Nimeona watu wakitupa kengele nzima kwa kosa hilo tu.

Ikiwa bado ni 14, shuku waya kabla ya kitu kingine chochote. Waya mwembamba wa bei poa una shaba kidogo mno ndani. Ule wa mita tatu, ukipitisha ampea moja, unaweza kupoteza zaidi ya volti moja njiani. Chaja imetoa 5, kengele imepokea chini ya 4, na betri ya lithiamu ikijaa inafika volti 4.2. Maji hayapandi mlima. Taa ya kuchaji inaweza kuwaka hivyo hivyo na kukudanganya. Chukua waya mfupi, nusu mita au mita moja, ule uliokuja na kengele kama unao. Kichwa cha chaja kiwe cha volti 5, ampea 1 au 2, na usichomeke kwenye tundu la tivi wala la kompyuta, kwa kuwa matundu mengi ya hivyo hutoa nusu ampea tu.

Kuna na mtego wa Taipu C, na huu unawachanganya hata mafundi. Vichwa vipya vya chaja vina tundu la Taipu C, na waya wake ni C huku na C kule. Kichwa cha namna hiyo hakitoi umeme mpaka kitambue kifaa upande wa pili, na utambuzi huo hutegemea vizuizi viwili vidogo vya kiloomu 5.1 vilivyomo ndani ya kifaa. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu havina vizuizi hivyo. Basi havichaji hata kidogo kwa waya wa C kwa C, lakini ukivipa kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB, na waya wa USB pana kwenda C, vinachaji kama kawaida. Jaribu hivyo kabla hujalaumu mtu.

Ukipata kipimo kidogo cha USB, kile kinachochomekwa kati ya kichwa na waya na kuonyesha volti na ampea, kinunue. Ni cha bei ndogo na kitakuondolea ubishi na fundi yeyote. Kengele yenye 14 ikichajiwa inapaswa kuvuta nusu ampea au zaidi. Ikisoma sifuri nukta sifuri, umeme hauingii. Ikisoma kidogo sana kwa saa nzima, huenda betri ilishuka kupita kiasi na saketi yake ya kinga inaifufua taratibu, basi iache ndani ya nyumba, penye hewa, hata masaa kumi na mawili, ukiitupia jicho. Fundi akitaka "kuistua" kwa waya wa betri ya gari, mnyang'anye. Lithiamu iliyoshuka sana huharibika ndani, shaba yake huyeyuka na kujijenga pasipotakiwa, na ukiilazimisha inaweza kushika moto baadaye, watu wamelala.

Joto nalo ni kizuizi. Betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45, na kifaa kizuri hukata chaji chenyewe kikifika hapo. Geti la chuma lililopakwa rangi nyeusi, saa nane mchana, huwezi kuliwekea kiganja. Kama kamera yako imefungwa juu ya chuma chenyewe, sola inaleta umeme saa ile ile ambayo betri imefunga mlango. Ihamishie kwenye nguzo ya tofali, chini ya kivuli, na paneli peke yake ibaki juani.

Na sasa bahari. Hapo mlipo, chumvi ya upepo haichagui. Chomoa plagi ya paneli kwenye kamera, uitazame kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vile vichuma vidogo, hiyo ni kutu ya shaba, na ndiyo inayozuia umeme. Chovya mswaki mkavu laini kwenye spiriti, sugua taratibu mpaka rangi ya chuma irudi, acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka. Fanya vivyo hivyo kwenye vichuma vya betri ya kengele. Wakati umo humo, tazama kama sisimizi hawajaingia kwenye tundu la chaji, wanapenda sana kujificha humo mvua zikinyesha, na kama kile kizibo cha mpira bado kinakaza. Ukirudisha waya, uache uning'inie kama tumbo chini ya kamera ndipo upande kuingia tunduni, ili maji ya mvua yadondokee chini ya tumbo yasifuate waya hadi kwenye plagi. Juu ya plagi zungusha utepe wa mpira unaojishika wenyewe, siyo selotepu.

Ukimaliza yote hayo, ndipo betri ihukumiwe. Ijaze mpaka 100 ndani ya nyumba, zima sensa ya mwendo, iache siku nzima bila kuifungua. Ikishuka asilimia moja au mbili, ni nzima. Ikiporomoka 30, au ikiruka kutoka 40 hadi kuzima ghafla, imechoka kweli. Na ikiwa imevimba, hata kidogo, hata kama bado inachaji, itoe leo, usiitoboe, usiibane irudi ndani, iweke nje kwenye chungu chenye mchanga mkavu mbali na watoto, na uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

Betri mpya iwe ya kiwanda cha kifaa chenyewe. Kama kamera yako inatumia zile seli za duara za 18650, utaziona dukani zimeandikwa 9900 mAh. Huo ni uongo wa wazi: seli nzuri ya ukubwa huo, milimita 18 kwa 65, hukaa karibu na 3500. Nenda na mzani mdogo wa jikoni. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi. Ile niliyouziwa na duka moja miaka ya nyuma, yenye maandishi ya dhahabu, ilisoma gramu 29, na nilipoipasua mbele ya mteja wangu kwa tahadhari, nje uani, ndani tulikuta seli ndogo moja imezungushiwa unga mweupe ili ijae.

Anza na paneli, Jumapili mchana, kabla hujapanda ngazi kwa jambo lingine. Kisha niandikie mambo mawili: kipimo cha USB kimesoma ampea ngapi kwenye kengele ukitumia waya mfupi, na kamera ilikuwa na asilimia ngapi Jumapili jioni na ngapi Alhamisi jioni, paneli ikiwa imetazama kibla.